Mbao Tatu Zilizokataa Rangi

We unayenisikiliza, mbao unazokanyaga kwako kila siku zilikuwa nini kabla hazijawa sakafu?

Hujui. Usijisikie vibaya. Hayat naye hakujua, na yeye anafundisha kemia lisee, yaani sekondari, shahada yake imetiwa fremu ukutani, na ni mtu wa kumuuliza muuza maziwa ng'ombe wake jana alikula nini.

Terasi yao ya mbao ilikuwa wazo la Khaled, mumewe, muuza spea za magari. Khaled aliona sakafu ya mbao katika hoteli moja kando ya ziwa, akaapa kwamba naye atakuwa nayo. Nyumba yao iko Gasenyi, kwenye mwinuko, mahali ambapo asubuhi njema unaliona ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo, na asubuhi mbaya unaona vumbi la jirani anayejenga. Pakajengwa jukwaa la mbao nyuma ya nyumba, lenye uzio wa kuegemea, na Khaled akawa anapokea wageni pale kama balozi. Mvua haikuwa na habari kwamba yeye ni balozi. Kila mbao zilipoanza kuchakaa alizipaka rangi nzito ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, kama mwanamke anayetia wanja kwenye jicho lililovimba.

Kisha Houda, binti yao wa pekee, akahitimu Kurani. Sherehe ya hitima ikapangwa Ijumaa, na Khaled alitaka watu wote wa Buyenzi, mtaa wao wa zamani kule chini, wapande Gasenyi waone.

"Waone nini?" Hayat akamuuliza. "Rangi inabanduka kama ngozi ya mgonjwa. Safari hii tunaikwangua yote. Tunapiga msasa mpaka mbao yenyewe ionekane, tunaosha, tunaacha ikauke, ndipo tunatia ile rangi nyepesi ambayo mbao inakunywa. Nimechoka kupaka uchafu juu ya uchafu."

Mtu mmoja tu alipinga, naye ni mama mkwe.

"Kona yangu muiache," alisema Bibi Sijaona.

Kona yake ilikuwa upande wa kibla, penye kivuli. Kila baada ya adhuhuri alitandika mkeka pale akajinyoosha. Maisha yake yote kikongwe yule alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa Buyenzi, mwenye mikono myepesi na mdomo uliofungwa. Halafu msikitini wakaleta meza ya chuma yenye bomba, wakaleta na mabinti wenye glavu, naye wakampa kanga mpya na dua ndefu, wakamwambia apumzike. Akahamia kwa mwanawe. Ukijisifu mbele yake kwa gari au kwa cheo, alikutazama kwa upole akasema, "Mwosha huoshwa," nawe chai ikakukwama kooni.

"Mama, tukiacha kona moja itaonekana kama kiraka," Hayat akamwambia.

"Kiraka hakijaua mutu."

Hayat akacheka. Akamwita Sylvère.

Sylvère ni fundi wa mbao na rangi kutoka Kamenge, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na neno mdomoni saa zote. Alipowasha mashine ya msasa, vumbi la mbao lilitoka jekundu, likanukia msitu, na Hayat akalivuta puani kwa furaha ya mtu anayeona uongo unavuliwa nguo. Ilikwenda hivyo hadi kona ya Bibi. Pale vumbi likabadilika. Lilitoka jeupe, laini kama unga wa muhogo, likaning'inia hewani bila kutua.

Sylvère akazima mashine, akanusa.

"Madame, hapa mulikuwa munaweka dawa ya nondo?"

Hayat naye akanusa. Ilikuwa kafuri, ile ambayo wengine huiita karafuu maiti. "Itakuwa Bibi na masanduku yake," akasema.

Chini ya rangi palikuwa na mbao tatu zisizofanana na nyingine. Zilikuwa pana, za rangi ya mfupa, laini kama sabuni iliyotumika, na katikati zilibonyea kidogo, kama kitanda kinavyobonyea. Upande mmoja palichongwa mfereji mwembamba.

"Na hakuna musumari hata mumoja," Sylvère akasema, akipitisha kidole. "Iko vijiti tu. Nani alitengeneza hivi?"

Hayat alikumbuka kwamba kona ile iliwahi kuoza, ikatengenezwa kipindi walichokwenda Kigoma harusini. Walirudi wakaikuta imeshapakwa rangi. Khaled na ubahili wake, akajisemea. Aliagiza fundi abandike masalio ya mbao za watu. Hakuuliza. Katika ndoa kuna mambo huulizi, unayaweka akiba ya ugomvi mwingine.

Siku iliyofuata waliosha. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu kwa siku kadhaa, kwa hiyo walichota kwenye pipa. Waliisugua terasi kwa brashi na sabuni, wakaisuuza, jua la kiangazi likaimaliza. Adhuhuri ilipofika mbao zote zilikuwa kavu na zenye joto la jua, isipokuwa zile tatu. Zile zilikuwa zimelowa. Hayat alizipanguza kwa kitambaa, akasimama, akatazama maji yakipanda tena juu polepole kutoka ndani ya ubao, kama jasho linavyotoka kwenye paji la mtu aliyelala. Akagusa. Yalikuwa baridi kama yametoka kwenye friji.

"Ubao mzee unashika maji," alimwambia Sylvère.

"Ndiyo, Madame," Sylvère akasema, akasogeza ndoo yake mbali na zile mbao.

Siku hiyo Bibi Sijaona alihamisha mkeka wake hadi kwenye korido. Hayat aliliona hilo, akadhani kikongwe amenuna, na nikisema kweli alifurahi kidogo.

Kisha wakatia rangi. Kazi hiyo Hayat aliipenda: unachovya, unafuata mishipa ya ubao, unapanguza ziada kwa kitambaa kabla haijakauka, na mbao inageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Walianzia ukutani wakirudi nyuma kuelekea kibla. Alasiri Hayat alinyooka, mkono kiunoni, akaitazama terasi yake. Ilipendeza. Ila zile mbao tatu zilikuwa zimekunywa rangi pembeni tu. Katikati zimeikataa, na mahali zilipoikataa palikuwa na duara, chini ya duara mabega, chini ya mabega mikono iliyolazwa ubavuni, kisha miguu miwili iliyobanwa pamoja hadi visiginoni.

Sylvère aliweka brashi chini.

"Madame. Hii ni mutu."

"Ni mafuta. Bibi analala hapa kila mchana. Mwili una mafuta, mafuta yanakataa rangi. Hata wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo."

"Na hao wanafunzi," Sylvère akauliza taratibu, "wanajua kwa nini Bibi amekuwa murefu hivi?"

Maana Bibi Sijaona alikuwa mfupi kama kinu, na kivuli kile cheupe kingemzidi hata Khaled.

Wakapaka tena. Kesho yake umbo lilikuwa limerudi, na lilikuwa fupi kuliko jana. Hayat akafurahi, akamwambia fundi, unaona, rangi inaingia kidogo kidogo. Wakapaka tena. Umbo likarudi, fupi zaidi, mabega yamesinyaa, kichwa kimekaribiana na miguu. Sylvère alipakia brashi zake mapema siku hiyo. Akiwa getini akageuka.

"Mi sina elimu ya kemia. Lakini kitu kinachoisha kinaisha pande zote, Madame. Hiki hakiishi. Hiki kinatafuta saizi."

"Sylvère, nenda kwako ukapumzike."

"Naenda. We mutoto wako anachezea wapi?"

Hayat akafunga geti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Magharibi hiyo alikuwa jikoni akikaanga ndagala alipoyasikia maji. Yalimwagwa kwa kopo, yakatulia, yakamwagwa tena, yakatulia, bila haraka, na baada ya kila mmwago palisikika michirizi ikipita kwenye mfereji na kudondoka chini ya sakafu. Bibi anatawadha, alifikiri. Akageuza samaki. Hapo akakumbuka kwamba bomba ni kavu na pipa limeisha mchana, na kwamba sauti ya Bibi inasikika chumbani, iko kwenye rakaa ya pili.

Alizima moto, akaufuata mlango wa nyuma, na kila hatua harufu ilizidi kumjia, kwanza kafuri, kisha majani ya mkunazi yaliyopondwa, kisha maji ya waridi, harufu ambazo alizinusa pamoja mara moja tu maishani, siku alipozikwa mama yake, alipokuwa mdogo kiasi cha kusimamishwa nje ya pazia na kuambiwa asichungulie, naye akachungulia, na sasa mkono wake ulisukuma mlango kama ulivyosukuma pazia lile, na mbele yake, katika wekundu wa mwisho juu ya milima ya Kongo, binti yake alikuwa amelala chali juu ya mbao tatu, mikono ubavuni, uso umeelekezwa kibla, nywele zimelowa chapachapa, na vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa utepe wake mwenyewe wa nywele.

"Houda!"

"Shhh, Mama." Mtoto hakufumbua macho. "Ananiosha."

"Nani? Nani anakuosha?"

"Yule wa chini. Anaosha polepole, haumizi. Ameanza kuume." Akatabasamu. "Amesema upande wa kushoto bado."

Hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto yule kwamba maiti huanzwa upande wa kuume.

Hayat alimnyanyua. Alikuwa mzito. Mzito wa mtu aliyelala, kisha mzito kuliko huo, na alipomtoa juu ya mbao zile alisikia mlio mdogo wa kitu kinachoachia, kama plasta inapobanduliwa.

Hospitali walimpima damu, wakampima mkojo, wakamwambia mama apunguze hofu. Mtoto hana malaria, hana kitu. Lakini alikuwa baridi. Si baridi ya homa. Baridi ya chombo. Alilala macho nusu, akiulizwa anaitikia kwa mbali, na alipopumua chumba kizima kilinuka kafuri.

Hayat alikuwa mtu wa vitendo. Akampigia Sylvère simu. "Njoo na mtaimbo. Ung'oe ule uchafu, tuuchome."

Fundi alikuja, akabusu rozari yake, akaingiza ncha ya mtaimbo chini ya ubao wa kwanza na kuegemea. Kijiti kililia. Na ndani ya nyumba, vyumba viwili mbali, Houda alipiga yowe, na Khaled akatoka mbio akipunga mikono. "Acha! Acha! Mbavu zake! Nimeona mbavu zikiinuka!"

Sylvère aliuacha mtaimbo pale pale. Hakuna aliyetaka kwenda kuuchukua.

Ndipo Hayat alipofanya jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Aliitoa kabatini nguo mpya ya hitima, nyeupe, ndefu, yenye nakshi kifuani. Akaenda nayo terasi, akapiga magoti, akaitandaza juu ya lile umbo lisilokubali rangi. Mabega yakakaa kwenye mabega. Mikono ikaishia kwenye viganja. Pindo likagusa visigino, halikuzidi, halikupungua. Mshonaji aliyempima Houda hakupima vizuri namna ile.

Hayat akarudi ndani. "Khaled," alisema, na neno lililofuata alilisema kwa mara ya kwanza bila kejeli, "mwite mwalimu."

Mwalimu Uthmani alikuwa ndiye aliyemfundisha Houda Kurani, mtu mwembamba wa Buyenzi asiyevaa pete wala kubeba vichupa. Alifika Alhamisi alasiri. Hakuomba kuku wala udi. Aliomba mtoto aletwe, akae mapajani mwa mama yake, kwenye kiti, karibu na mbao lakini asizikanyage. Bibi Sijaona alikuja akasimama mlangoni, ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Mwalimu alianza kusoma kwa sauti ya kawaida. Alisoma kwa muda mrefu. Vivuli vikarefuka, na chini ya sakafu pakaanza sauti ya maji.

Kopo. Kimya. Kopo.

Tone likatokea kwenye bega la kushoto la Houda, juu ya nguo kavu, likaanza kutambaa kuelekea kiwiko.

"We nani?" mwalimu akauliza, akiitazama sakafu.

Sauti iliyojibu haikutoka kinywani mwa mtoto. Ilitoka kwenye upenyo wa mbao, haikuwa ya kiume wala ya kike, na ilikuwa na upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mfanyakazi."

"Unataka nini kwa mtoto huyu?"

"Mmoja bado," ikasema. "Niliambiwa. Nimengoja kwa adabu."

"Nani alikuambia?"

"Aliyenileta."

Maji yalikuwa yamepita kiwiko. Yalilowesha kiganja, yakahamia ubavuni. Mwalimu Uthmani aligeuka, na jasho lilikuwa limemtoka kama mtu aliyebeba gunia.

"Sikilizeni. Hiki hakikuvamia nyumba. Kilikaribishwa, na kiliahidiwa. Ahadi ya mtu mimi siwezi kuivunja, hata nikisoma mpaka alfajiri. Lazima aliyetoa aitamke mbele yetu. Na afanye haraka, kwa sababu kikimaliza upande wa kushoto, kinachofuata kuosha mnakijua."

Kinachofuata kuosha ni sanda. Hayat alimgeukia mumewe.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Khaled! Umeona mtoto? Sema ulizitoa wapi hizi mbao! Mara moja katika maisha yako acha kujifanya, sema!"

"Wallahi mi sijui! Si we ndo ulimwita fundi?"

"Fundi gani?"

"Wa hii kona! Tulipotoka Kigoma tukakuta imetengenezwa. Mi nilijua ni we ulipanga, ukanyamaza ili niaibike kwamba nilishindwa. We unapenda hivyo!"

"Mimi? Mimi nilijua ni wewe!"

Wakatazamana. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa ameweka kona ile akiba dhidi ya mwenzake, na sasa walipoitoa ilikuwa tupu. Maji yalikuwa yamefika pajani mwa Houda. Midomo ya mtoto ilikuwa ya rangi ya zile mbao. Mume na mke waligeuka pamoja, polepole, kuelekea mlangoni, kwa mtu wa tatu aliyekuwa akiishi nyumba ile, ambaye hakwenda Kigoma.

Bibi Sijaona alikuwa ameachia mlango.

"Ni mi," alisema.

"Mama," Khaled akanong'ona, "usiseme hivyo."

"Nyamaza, Khaled, mwanangu. Nimenyamaza mi ya kutosha." Alivua ndara zake, akaziweka sambamba kama mtu anayeingia msikitini. "Huu ni ubao wangu. Ubao wa kuoshea. Walipoleta ile meza ya chuma wakasema wa zamani uzikwe, kwa sababu haifai kuuzwa wala kuchomwa. Nikasema ndiyo, nitausimamia. Mulipokwenda Kigoma nikamwita Amissi wa mukokoteni, nikamwambia ni kitanda changu cha zamani. Akauleta, akaupigilia hapa kwa vijiti kama ulivyokuwa, tukapaka rangi juu. Nani angejua?"

"Kwa nini, Mama?" Hayat alimuuliza, na hakutambua sauti yake mwenyewe.

"Juu yake nilimuosha mama yangu. Nikamuosha dada yangu. Wamama wa mutaa muzima wamelala hapa, Mama Houda, kila mumoja najua uzito wake. Halafu wananipa kanga, wananiambia pumzika. Na mi siku yangu ikifika nilazwe juu ya chuma, kama samaki wa sokoni? Nikasema apana." Maji yalikuwa gotini mwa Houda, na kikongwe aliyatazama kwa macho ya fundi, anajua yamebakiza wapi. "Kila muchana nilipojinyoosha hapa nilisikia kuna mutu chini, anangoja kazi. Sikuogopa. Miaka yote nilijua sioshi peke yangu. Nikauambia ubao: usichoke, mmoja bado. Mmoja bado, tumalize wote wawili."

Mwalimu Uthmani alishusha pumzi. "Ulitaja jina, Mama? Bila jina kinamchukua yeyote kitakayempata."

"Sikutaja." Alizitazama mbao zake. "Nilitaka kulitaja, likakwama. Mwosha amezoea majina ya wengine."

Alikanyaga ubao wa kwanza. Chini kopo lilikuwa limeinuliwa. Walilisikia likijaa, likitulia. Maji yalisimama kwenye kifundo cha mguu wa kushoto wa Houda, yakangoja.

Bibi Sijaona akapiga magoti, kisha akakaa, kisha akajilaza chali juu ya mbao zake tatu, mikono ubavuni, uso kibla, akasema kwa sauti waliyoisikia hata majirani:

"Si huyu mutoto. Niliyekuahidi ni mi. Sijaona binti Ramadhani."